Waya wa Kuanikia Kanga

Mtaani kwetu Mkunazini, mtoto alifundishwa mapema kutosifu kitu cha Fundi. Ukiingia dukani kwake ukaona birika jipya la kahawa, ilikupasa useme, "Fundi, mbona hili limekaa upande?" Ukijisahau ukasema ni zuri, basi tena. Alimwaga kahawa iliyobaki, akalipangusa, akakutia mkononi na kutamka neno lake, "Ushapewa." Ukimrudishia ananuna, na kununa kwake kulikuwa ni kusema na kila mtu isipokuwa wewe.

Desturi yenyewe si yake peke yake. Wazee wengi wa mjini wanayo. Mgeni akisifu kitu, mwenyeji humwambia kimeshakuwa chake, mgeni hucheka, hushukuru na kukiacha palepale, na heshima ya wote wawili huwa imetimia. Fundi hakuijua nusu ya pili ya desturi hiyo. Mkewe alikuwa akisikia hodi tu anavifunika vitu vya ndani kwa kanga. Redio yao iliondoka hivyo hivyo, ikaenda kwa jirani wa nyuma aliyesema ina sauti tamu, na kwa muda mrefu yule mama alikuwa anakwenda kusikiliza taarifa ya habari nyumba ya watu, kwa redio yake mwenyewe. Tulikicheka sana kisa kile. Siku hizi nikikikumbuka sicheki.

Jina lake silitaji, maana hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Fundi. Miaka ya themanini alikuwa mtu wa ofisi ya simu, mpanda nguzo, enzi ambazo kupiga simu Dar es Salaam ilikuwa kazi ya kushinda mchana kutwa ukingoja zamu yako. Alipoacha ofisi alifungua duka la kutengeneza simu na redio mkabala na nyumba yetu, ng'ambo ya kichochoro chembamba ambacho aliye juu kwetu na aliye juu kwake wangeweza kupeana chumvi dirishani.

Alikuwa mtanashati mpaka anaudhi. Alilehemu nyaya amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mikono ameikunja na kuibana kwa pini za mkewe, kofia ameipinda upande. Na majivuno! Aliwahi kutwambia kwamba kama si yeye mji huu ungekuwa bubu. Barazani, kila hadithi yake ilianza na "Mimi". Siri nayo haikukaa kwake hata ukiifunga kwa kamba. Posa ya binti yake ilijulikana sokoni Darajani kabla mposaji mwenyewe hajajibiwa, na mkewe akakaa siku kadhaa hatoki nje kwa haya.

Ila simu hakuzipenda. Binti yake alipoolewa Uroa, kila akitaka kujua hali yake alipanda gari la shamba akaenda kumuuliza. "Simu ya nini? Mie nataka nimwone uso," anasema hivyo mtu ambaye mkono wake unakwenda kinywani kwa sababu ya simu.

Mtu huyo, aliyesema kila kitu na kutoa kila kitu, alilinyamazia jambo moja tu katika maisha yake. Na jambo hilo lilikuwa letu.

Kaka yangu Nassor alikuwa amuoe Zuwena, binti wa ami yetu. Mambo yote yalikwisha, mpaka sanduku la nguo za bibi harusi limeshapelekwa, ndipo Nassor akapanda ndege kwenda Maskati na asirudi. Ami aliinamisha kichwa mbele ya watu siku ile, na sijapata kumwona baba yangu akiwa na hasira kama zile. Aliapa mbele ya ndugu yake kwamba sauti ya Nassor haitasikika tena ndani ya nyumba yake. Simu ya nyumbani akaing'oa ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Mama hakugombana naye. Lakini ndege ikipita juu ya nyumba, aliacha alichokuwa akikifanya akatazama dari.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na Mama akaingia eda. Mjane aliye edani hatoki nyumbani, wala haonani na wanaume wa nje, mpaka miezi yake iishe. Aliyekuja kukaa naye, akampikia, akamtilia maji ya kuoga, ni huyo huyo Zuwena, ambaye tangu kuachwa hakuwa ameposwa na mtu. Mama alikuwa anateketea kwa hamu ya kumsikia mwanawe, na anayemfuta machozi ni msichana aliyetiwa aibu na mwanawe huyo. Alinambia mimi tu, mlango umefungwa.

"Nikimtaja mbele ya Zuwena ntakuwa sina haya, mwanangu. Mtoto wa watu ananilea. Lakini nisipomsikia Nassor, mie ntamfuata baba yako."

Nikenda kwa Fundi, kwa sababu hatukuwa na mwengine. Wakati huo intaneti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia mjini. Mtu aliyetaka kuzungumza na wa ng'ambo kwa njia hiyo alilazimika kukaa mbele ya kompyuta na kuhangaika, na sauti ilimjia imekatikakatika. Fundi alikuwa kwa miezi mingi anatengeneza kisanduku, ukubwa wake mkate wa boflo. Kisanduku kile kilikaa baina ya simu ya kawaida na kompyuta, ili mtu mzima asiyejua kompyuta ashike tu mkono wa simu aliouzoea na kuzungumza na mwanawe aliye mbali. Barazani alishakitangaza mpaka wenzake wakachoka.

Nilimweleza yote: eda, Zuwena, na kiapo cha baba. Alikuna kidevu.

"Marehemu alisema sauti isisikike ndani ya nyumba. Haitosikika ndani ya nyumba. Itasikika ndani ya sikio la Bi Mkubwa peke yake. Mwengine asiisikie, hata mie."

Akavuta waya kutoka dirisha lake hadi dirisha letu, akanipa na simu kuukuu ya kuifunga upande wetu. Watu wasije wakauliza, Mama akaanika kanga juu yake tangu asubuhi. Nassor nilishamwandikia kwa kompyuta ya dukani, naye alikuwa Maskati anangoja. Ilikuwa alasiri, Ami yumo khitmani, Zuwena nimemtuma Darajani. Fundi aliwasha kila kitu, kisha akachomoa kipaza sauti cha dukani, akatoka, akafunga mlango na kukaa barazani nje, dirisha letu amelipa mgongo. Mtu aliyetaabika miezi yote ile kungoja kitu chake kiseme, alitoka nje ili asikisikie.

Mama alishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Mimi nilisimama mlangoni. Nilimwona akisikiliza, nikamwona akifumba macho, nikaona midomo yake ikitamka jina. Sauti ya kaka yangu sikuisikia. Alipomaliza alinirudishia simu na kusema neno moja la kumpelekea Fundi: sitara.

Nikashuka kumwambia. "Sikuona, sikusikia," akajibu. Alinitazama macho yangu mekundu, akaridhika nayo, wala hakuniuliza zaidi.

Tangu siku ile kazi ya Fundi ikawa kuuzuia ulimi wake. Barazani walimuuliza lini watakiona hicho kisanduku. Alijua akikionesha wataulizana kimeshazungumza na nani, na alijijua. Kwa hivyo akawa anawaambia hakijawa tayari. Kwangu alisema, "Eda ikisha, Zuwena akirudi kwao, ndo ntakionesha. Sasa hivi ntaropoka." Wenzake wakamfanyia mzaha. Mzee mmoja, mpenda mzaha, alikiita kisanduku cha kutilia tambuu, na jina likashika mtaa mzima. Fundi akawa anacheka nao. Nilimwonea huruma, maana najua ilivyomkera.

Ndipo akaja mgeni. Alikuwa mhandisi wa kampuni moja ya simu huko Ulaya, amefikia hoteli ya Mbweni, na chaja yake ilikuwa imeungua. Dereva wa teksi akamleta kwa Fundi. Wakati anangoja akaona kisanduku mezani, akauliza. Na Fundi, aliyekuwa amevimba kwa maneno asiyoweza kumwambia mtu, alimwona binadamu asiyemjua Bi Mkubwa wala Zuwena wala mtaa wetu. Kwa huyu angeweza kusema bila kumfichua yeyote! Akakifungua, akamwonesha ndani, akamweleza wapi sauti inaingia na vipi alivyoizuia isikatike. Nilikuwa nikiwaona kutoka juu dirishani. Yule mgeni aliinua kichwa akasema kitu kwa Kiingereza, uso umemng'ara, na mimi nikajua amekisifu.

"Ushapewa," Fundi akasema. Mgeni hakuelewa. Fundi akakifunga kwa gazeti akamtia kwapani, na ndicho kisanduku pekee alichokuwa nacho.

Mpaka leo siwezi kumwita mgeni yule mwizi. Alikataa mara moja, kisha akapokea kwa mikono miwili na kuondoka. Nusu ya pili ya desturi hata yeye hakuijua.

Fundi alitengeneza vingine, polepole, kwa vifaa alivyoagizia Dubai. Kimoja alikifunga hoteli moja ya Matemwe, kingine hoteli ya Uroa, karibu na binti yake, na wageni wakazungumza na kwao bila shida. Kule hakuulizwa nani alikuwa wa kwanza. Nimemwona na furaha nyingi lakini hakuna iliyofikia ile ya mwaka ule. Alikuwa anakwenda Uroa kumwona mjukuu, akirudi anatusimulia hoteli tu.

Halafu mawakili wa ile kampuni wakaandika. Walisema kampuni imesajili hataza ya kifaa kile, yaani haki ya ubunifu ambayo mwengine haruhusiwi kuitumia bila idhini, na kwamba Fundi anauiba ubunifu wao. Hoteli nazo zilipelekewa maneno hayo hayo. Zikaogopa, zikaving'oa vile visanduku. Cha Matemwe kilirudishwa dukani ndani ya mfuko wa plastiki, hakuna hata aliyeshuka garini kumweleza neno.

Wakili mmoja wa Vuga alichukua shauri lake, kwa sababu hasira zilimpanda. Kampuni haikukana kwamba mhandisi wao alipewa kisanduku Unguja. Ilisema kilikuwa kisanduku kifu, hakijapata kupitisha sauti ya mtu, na kwamba wao ndio waliokifanya kiseme. Kwa hivyo swali likawa moja tu: kilipata kusema kabla hakijatoka mkononi mwa Fundi? Akipatikana mtu wa kuapa kwamba alisikia sauti, jasho la Fundi litarudi kwa Fundi. Wakili akaenda barazani kuwauliza wazee. Wote walikumbuka kitu kimoja, kwamba Fundi mwenyewe alikuwa akisema hakijawa tayari.

Wakati huo eda ya Mama ilishakwisha zamani, lakini Zuwena hakurudi kwao. Walikuwa wameshazoeana, na Mama alimwita binti yangu bila ya kujilazimisha. Ami naye alikuwa akija kila asubuhi kunywa kahawa kwa mwanawe. Asubuhi moja ndivyo wakili alivyowakuta, Ami yupo ukumbini, Zuwena amesimama na sinia, mimi nimefungua mlango.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Ami. "Kuna mtu wa mtaani amenambia kulikuwa na waya unatoka dukani kwa Fundi unakuja kwenye dirisha hili, wakati wa eda. Nilitaka kujua tu ulikuwa wa kazi gani."

"Waya gani?" Ami akaniuliza mimi.

Sinia ya Zuwena ilisimama hewani. Mama alikuwa juu ya ngazi, haonekani, lakini nilisikia bangili zake. Sijui mpaka leo ningesema nini, kwa sababu Fundi aliingia. Aliingia bila hodi, jambo ambalo hakupata kulifanya, anahema, kofia ameishika mkononi. Nadhani alimwona wakili akivuka kichochoro.

"Wa kuanikia kanga," akasema. "Bi Mkubwa alikuwa edani, hatoki, nikamfungia waya dirishani apate kuanika nguo zake. Kwani kuna nini?"

Wakili alimgeukia taratibu. "Fundi, nakuomba ufikiri kabla hujanijibu. Waya huo haukupitisha kitu chochote?"

"Ulipitisha kanga."

Ami akaangua kicheko. "Huyu na majivuno yake haya, angekuwa na simu ya kusema na Ulaya wakati ule asingetwambia? Angepanda juu ya msikiti akaadhini!"

Fundi naye akacheka. Alicheka kwa nguvu, na kofia ikakunjika mkononi mwake. Wakili akafunga mkoba wake, akatuaga. Zuwena akamtilia Fundi kahawa, akainywa ikiwa ya moto vile vile.

Jioni Mama alivaa buibui lake, akavuka kichochoro, mimi nyuma yake.

"Fundi, kesho nakwenda kwa wakili. Ntasema niliisikia sauti mie."

"Watakuuliza ya nani, Bi Mkubwa. Watakuuliza mlisemezana nini, ilikuwaje mwanamke wa eda, na kiapo cha marehemu. Halafu yatasomwa mahakamani, na Zuwena atakuja kukaa ubavuni mwako kwa sababu anakupenda."

"Na wewe jee?"

"Mie n'nacho kichwa. Ntatengeneza chengine."

Mama hakwenda. Kuna siku nilimlaumu kimoyomoyo, kisha nikamwona amekaa chini Zuwena anamsuka nywele, na lawama ikaniishia. Kila nikilipindua jambo lile namkuta mtu wa kuumia. Bila shahidi shauri halikufika popote. Na Fundi hakutengeneza kingine.

Baada ya muda visanduku vya ile kampuni vikaanza kuuzwa Darajani, vidogo, vizuri, vina jina la kigeni. Jirani mmoja alimletea Fundi cha kwake kilichoharibika. Alikifungua, akakitazama ndani kwa muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya ndugu, akakitengeneza, akakirudisha bila neno. Mimi nilikuwepo, na nilitamani apige kelele.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba majivuno yalimtoka. Tulikuwa tukiyasema majivuno yale, tukiyachoka, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakimsimamisha. Hadithi zake zikaanza na "Watu wanasema" badala ya "Mimi". Kofia akawa anaivaa sawa, katikati ya kichwa. Vitu tu ndivyo alivyoendelea kutoa, mpaka duka likabaki kuta. Simu za mkononi zilipoenea, visanduku vile, vyake na vya kampuni, vikawa takataka, na hakuna aliyekumbuka kwamba watu waligombania kitu kama kile. Niliona uchungu hata kwa hilo.

Mama, katika maradhi yake ya mwisho, alimweleza Zuwena mwenyewe. Ami alishafariki, na Zuwena alikuwa na mume na watoto. Nilikuwepo. Zuwena alimshika mkono akasema, "Kwa hilo tu, Mama? Mie uso wake nshausahau. Mngenambia siku ile, ningekwenda kuwalindia mlango." Mama alilia sana. Alinambia nikamwachie Fundi ulimi wake, aseme alitakalo kwa amtakaye.

Nilikwenda baada ya arobaini ya Mama. Nilimkuta barazani, palepale alipokaa siku ile. Masikio yalikuwa yameshamkatalia. Wazee wenziwe waliobaki walikuwa pembeni wanakunywa kahawa, na yule wa mzaha wa tambuu alikuwamo.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba, mwanangu. Pole na Bi Mkubwa."

Mlango wa duka ulikuwa wazi nyuma yake, na rafuni, ndani ya mfuko wake wa plastiki, kilikuwapo kile kisanduku kilichorudi kutoka Matemwe. Nilijizuia nisikitazame kwa jicho zuri, asije akanipa. Nikamwambia, kwa kumpigia sauti sikioni, kwamba Zuwena anajua, na kwamba Mama amemwachia ulimi.

Nilidhani atalia au atakasirika. Alinyanyua mabega. "Nimwambie nani sasa?" Kisha akanisogelea, akadhani ananinong'oneza, na kichochoro kizima kikamsikia.

"Siku ile, sauti ilifika safi? Haikukatika?"

Miaka yote ile hakuwa ameuliza. Alinyang'anywa kitu chake, akakikana kwa mdomo wake mbele ya wakili, na hakujua hata kama kilikuwa kizuri. Nikamwinamia nikamwambia Mama alivyonambia. Akatikisa kichwa, mkono nyuma ya sikio. Nikarudia kwa nguvu. Akatikisa kichwa tena.

Basi nikasimama katikati ya kichochoro, pale tulipokuwa tukinong'ona miaka yote, nikapiga ukelele.

"Fundi! Mama alimsikia Nassor mpaka pumzi zake! Kwa kisanduku chako! Ndani ya nyumba yetu!"

Madirisha yakafunguliwa juu yetu. Yule mzee wa tambuu akaweka kikombe chake chini.

Fundi akainua mkono, akaipinda kofia yake upande.

"Mpaka pumzi?"

"Mpaka pumzi, Fundi."

"Sema tena, mwanangu. Sikusikia."

Alikuwa amesikia. Nikasema tena.